Mama Shingo na Miaka ya Jinsengi

Mzizi wa jinsengi hausemi uongo kuhusu umri wake. Wasemao uongo ni watu. Kila mwaka, huko kwenye milima ya baridi unakotoka, shina lake hufa na kuanguka, na pale liliposimama hubaki kovu dogo, kama alama ya ukucha kwenye sabuni. Mwaka unaofuata shina jingine huchipua pembeni ya kovu lile, nalo hufa, nalo huacha la kwake. Makovu hupandana hivyo juu ya mzizi, moja upande huu, jingine upande ule, mpaka yanafanya kishingo chembamba kilichopindapinda. Ukitaka kujua mzizi umekaa miaka mingapi chini ya udongo, usiulize unene wala uzito. Shika shingo, uhesabu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mwanamke mmoja waliyemwita Mama Shingo. Mama wa mtu hakuwa, na mume aliyekuwa naye aliondoka zamani bila kufunga mlango. Shingo za mizizi ndizo zilizompa jina. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kilekile cha mwisho wa meza ndefu ya chuma, chini ya taa nyeupe iliyovuma kama nzi aliyefungiwa chupani. Alishika mzizi mmoja baada ya mwingine, akaugeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya shingo yake huku midomo ikicheza bila sauti. Nne. Tano. Tano. Sita. Kila umri na trei yake. Kisha kisu kidogo, kata, na shingo ikaangukia kwenye ndoo, kwa maana kanuni ya kiwanda ilikuwa kwamba shingo haiingii kwenye dawa. Mabingwa wa zamani wa biashara hiyo walisema inachafua tumbo, na hakuna aliyewahi kuwauliza walijuaje.

"Mama Shingo," mfunga pakiti alimchokoza, mama mnene mcheshi aliyekaa kando yake, "siku nikikuudhi utanihesabu kwanza au utanikata kwanza?"

"Wewe nitakukata tu. Una nini cha kuhesabu?"

Kiwanda kilifunga chai za mitishamba na vidonge vya jinsengi, na juu ya kila pakiti palikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso laini kama yai lililomenywa. Wanawake sita waliofunga pakiti hizo walikuwa na kunyanzi za kumgawia na zikabaki.

"Hii kitu ingekuwa inarudisha ujana kweli," mfunga pakiti alisema, "mimi ningekuwa bado nanyonya."

"Kwa vumbi lake unalovuta humu ndani, ungekuwa hujazaliwa."

Wakacheka, na Mama Shingo akacheka nao. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia, kwa sababu wangemcheka. Mizizi ile ilimshangaza. Miaka kumi na tisa haikutosha kuizoea. Alisikia kwa watu wanaoileta kwamba mbegu yake hukaa ardhini mwaka na nusu kabla haijatoa hata jani moja. Kwamba haipendi jua, hukua chini ya kivuli cha miti mikubwa, taratibu, kama mtu asiye na miadi na yeyote. Kwamba ile ya porini ikikanyagwa au ikiliwa majani huweza kulala mwaka mzima au zaidi chini ya udongo, watu wakadhani imekufa, halafu ikaamka. Kila aliposhika mzizi wenye kichwa, mikono na miguu kama kimtu kidogo kilichokauka, alihisi ameshika mwili wa mtu mvumilivu kuliko yeye. Naye alijua kuvumilia.

Shule aliijua mpaka darasa la pili, tena muhula mmoja tu. Hesabu alikuwa ameshaipata, kusoma alikuwa bado. Alipokuwa na miaka minane mama yao alijifungua mtoto wa kike, akaugua, hakuinuka tena. Baba alikuwa mtu wa kupita. Ikatolewa amri kwamba msichana mkubwa aache madaftari abebe mtoto. Akambeba. Alimbeba mgongoni kwa mbeleko mpaka mgongo ukashika umbo lake, akamtafunia chakula, akamfundisha kutembea kwenye ukumbi wa nyumba ya shangazi aliyehesabu kila kijiko kinachoingia kinywani. Mtoto alipofika umri wa shule, dada akafua nguo za watu ili mdogo wake asikose daftari. Mtoto akawa na akili kama wembe. Akapanda darasa kwa darasa, akapata mfuko wa kumsomesha mbali, akaenda ng'ambo. Barua zikaja nyingi, kisha chache, kisha zikakoma. Asante ya punda ni mateke, na yeye hata teke hakupewa, alipewa kimya.

Miaka mitatu kabla ya siku ninayoisimulia, meneja aliingia chumba cha kuchambulia amefuatana na mwanamke mrefu mwenye koti jeupe.

"Huyu ni Daktari," alisema. "Amekuja kusimamia maabara yetu ya juu. Amesoma mpaka mwisho wa kusoma."

Daktari akapita meza nzima akipeana mikono. Alipofika kiti cha mwisho, mkono wake ukawa wa baridi ghafla. Alimtazama mwanamke aliyekaa pale kwa muda wa pumzi moja.

"Habari yako, mama," alisema.

"Nzuri," alijibu aliyemlea. Mkono ukaachiwa. Koti jeupe likapanda ngazi.

Wiki haikuisha, mpika chai wa ofisini akashuka na habari: Daktari ameulizwa kuhusu kwao, amesema ni yatima, mtoto wa pekee, hana ndugu duniani. Mama Shingo alikuwa na mzizi mkononi. Akauhesabu mpaka mwisho, akaukata shingo, akauweka kwenye trei yake. Hakumwambia mtu. Angeweza kupanda ngazi zile na kupiga kelele hadi pakiti zianguke kwenye rafu. Lakini kitu alichokitaka hakipatikani kwa kelele. Alitaka neno moja tu, dada, tena mbele ya watu, litoke kwenye kinywa kilekile kilichomkana. Akakaa akilisubiri, kama mzizi uliokanyagwa.

*

Siku moja mbeba trei aliugua, ikabidi Mama Shingo mwenyewe apandishe mzigo wa maabara. Alipiga hodi kwa kiwiko. Hakuna jibu. Akaingia.

Chumba kilikuwa cheupe, kimya, kina harufu ya spiriti. Kulikuwa na friji tatu, kabati la kioo lenye joto ndani yake kama kiota cha kuku atamiaye, na kwenye meza ya dirishani, hadubini. Daktari alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye chombo hicho. Hakuwa anatazama. Alikuwa analia.

Mama Shingo akaweka trei chini. Kuna mambo ambayo mgongo huyakumbuka kabla ya kichwa.

"Nani kafa?" akauliza.

Daktari akajifuta haraka kwa mkono wa koti. Akatazama mlango. Ulikuwa umefungwa. "Hakuna aliyekufa, dada. Ni kazi."

"Ahaa. Mlango ukifungwa, mimi ni dada."

Daktari alisogea, akasema, "Njoo uone," kama mtu anayetoa kitu kingine badala ya kile alichodaiwa.

Mama Shingo akainama, akaziba jicho moja kwa kiganja, na kwa muda hakuona ila kope zake mwenyewe. Kisha mwanga ukatulia.

Aliona uwanja mpana usio na mwisho, na ndani yake vimejaa viumbe virefu vyembamba vilivyolala vikifuatana kama samaki kwenye maji yasiyosogea. Kila kimoja kilikuwa na kiini katikati, kama kokwa ndani ya tunda. Na baina yake palikuwa na vingine, vipana, vilivyotandazika ovyo, vimekolea rangi ya buluu.

"Ni nini hivi?"

"Seli. Za ngozi ya mtu. Wewe mwenyewe umejengwa kwa hizo, matrilioni."

"Ziko hai?"

"Zilikuwa hai mpaka jana nilipozitia rangi. Hizo za buluu ni zile zilizozeeka. Seli changa zinagawanyika, moja inakuwa mbili, mbili nne. Seli ikizeeka inaacha. Lakini haifi. Inakaa tu, inavimba, inatoa sumu kidogo kidogo na kuwachafua majirani wasio na kosa."

"Kama shangazi yetu," Mama Shingo alisema.

Daktari akacheka. Kilimtoka kabla hajakizuia, kicheko cha mtoto wa miaka sita kwenye ukumbi wa nyumba ile. Wakacheka wote wawili, mmoja bado jicho lake liko kwenye kioo, na kwa muda mfupi hapakuwa na koti jeupe wala aproni yenye vumbi.

Mama Shingo hakuondoa jicho. Alikuwa amesimama juu ya shimo lisilo na chini, na shimo hilo lilikuwa ndani yake. Uzee, alioudhani ni kitu kinachokuja kutoka nje, kwa jua na sabuni na wanaume, kumbe ulikuwa na rangi. Ulikaa chembe kwa chembe mahali ambapo hakuna kioo cha nyumbani kinachofika.

"Na mizizi yangu inahusikaje?"

Ndipo Daktari akaeleza, na alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa anamweleza mtu aliyewahi kumfafanulia kwa nini mwezi unawafuata. Mzizi wa jinsengi una viini vichungu viitwavyo jinsenosidi. Viko vya aina nyingi, zaidi ya mia. Inadhaniwa mmea unavitengeneza kwa ajili yake wenyewe, kujilinda na ukungu na wadudu, maana miaka yote hiyo chini ya udongo si mchezo. Mzizi ukipikwa kwa mvuke na kukaushwa hugeuka mwekundu, na baadhi ya viini hivyo hugeuka kuwa vingine, vigeni, ambavyo mzizi mbichi hauna au unavyo kidogo mno. Na watafiti wa sehemu nyingi wameona kwamba viini hivi, vikipewa seli zilizochoshwa, vinazisaidia kustahimili, zinachelewa kuzeeka, zinaendelea kutengeneza nyuzi zinazoishika ngozi isilegee.

"Kwa hiyo ni kweli?" Mama Shingo alinong'ona. "Yule wa kwenye pakiti?"

"Yule wa kwenye pakiti ana miaka ishirini na ni picha tu. Dada, hizi ni seli kwenye kisahani. Mtu si kisahani. Kuna majaribio machache ya watu, madogo, mengine yameonyesha kunyanzi zimepungua kidogo, mengine hayakuonyesha kitu. Hakuna anayejua kama mtu ataishi hata siku moja zaidi. Lakini kwenye kisahani, kitu kinatokea. Nilikiona. Nilikiona mara moja. Mara ya kwanza seli za buluu zilipungua sana, nikaandika, nikatuma. Nikarudia, hakuna. Nikarudia tena, hakuna. Baada ya wiki tatu kamati inayofadhili utafiti huu inakuja. Wataniuliza kama nilidanganya, halafu watafunga chumba hiki."

Mama Shingo akainua kichwa. Juu ya meza kulikuwa na trei ya mizizi inayosubiri kusagwa, minene, myeupe, imesafishwa vizuri. Akachukua mmoja, akaupima kwa vidole, akaitazama ngozi yake.

"Huu nani kakuletea?"

"Meneja. Mizizi yangu yote sasa inatoka stoo moja kwa moja, imekwisha kukatwa na kupangwa. Minene ndiyo ya miaka sita, myembamba ya minne. Wanapanga kwa mizani. Ni haraka zaidi."

"Kwa mizani!" Mama Shingo akauweka mzizi chini kama mtu anayelaza mtoto wa jirani. "Na ile ya mara ya kwanza?"

"Ile…" Daktari akaitazama trei. "Ile ilitoka kwenye meza yenu."

"Ilitoka mkononi mwangu. Nilihesabu shingo moja moja. Hii uliyonayo ni watoto wanene. Wamelishwa mbolea wakavimba. Tazama ngozi, haina hata mkunjo wa maana. Mzee wa jinsengi anaweza kuwa mwembamba kama kidole changu. Tangu lini unene ukawa umri? Meneja wenu angekuwa babu yetu sote."

Daktari alikaa kwenye kiti polepole. Miaka yote ya kusoma, na hakuna aliyemwambia hilo. Au kitabu kilimwambia, lakini kiwandani kitabu hakishindi mizani ya meneja.

"Unaweza kunichagulia upya?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kumwacha. Wapo ambao wangemwacha, na asiyewahi kukanwa asiwahukumu. Mama Shingo alimtazama yule mtoto mwenye nywele zilizoanza mvi na akamwambia waziwazi.

"Nitakuchagulia. Lakini na wewe unajua ninachokitaka. Si cha kunong'onezwa."

"Dada, hujui," Daktari alisema, akitazama mikono yake. "Mfuko ulionisomesha ulikuwa wa yatima wasio na ndugu. Fomu iliuliza, una mtu yeyote? Nikaandika sina. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilitaka kuondoka. Nikajiambia nitasahihisha baadaye. Baadaye ikakua. Na Profesa aliyenichagua ndiye mwenyekiti wa kamati inayokuja."

"Kwa hiyo ulinifuta kwa kalamu."

"Ndiyo."

"Kalamu niliyokununulia mimi."

Akashuka ngazi. Kesho yake alianza kuchagua.

*

Alichagua kwa siku nne, baada ya kazi yake ya kawaida, mzizi mmoja mmoja, na zamu hii hakuruhusu shingo ikatwe mpaka Daktari mwenyewe ameshuka na kuhesabu pamoja naye. Mfunga pakiti aliwaona wameinamiana chini ya taa.

"Loo! Daktari anasomeshwa na Mama Shingo. Dunia imepinduka, tushike meza."

Mizizi ikasagwa, ikachemshwa, ikachujwa. Seli zikalishwa kwa siku kadhaa, kisha zikatiwa rangi. Na hapo likatokea jambo la ajabu. Kuhesabu seli za buluu kunahitaji mtu asiyejua kisahani kipi kimepewa nini, maana jicho la mwenye hamu huona anachokitamani. Vibandiko vya visahani vilikuwa na maandishi. Katika jengo zima hakukuwa na mtu mwenye jicho kali kuliko la Mama Shingo, na hakukuwa na mwingine ambaye maandishi yale hayakumwambia kitu. Ujinga aliotupiwa usoni maisha yake yote sasa uliitwa sifa. Alicheka peke yake kwa hilo, kicheko kikavu.

Akakaa kwenye hadubini asubuhi tatu mfululizo. Alihesabu kama alivyohesabu makovu, midomo ikicheza. Buluu, si buluu, buluu. Kwenye visahani vingine uwanja ulikuwa umejaa buluu kama sare za shule. Kwenye vingine, samaki wale wembamba walilala safi, safu kwa safu, na wa buluu walikuwa wachache hapa na pale. Alikuwa hajui vimepewa nini, lakini alipofika kwenye hivyo alipunguza mwendo. Ilikuwa kama kuingia chumba ambamo watu wanaswali. Mzizi uliofanya hivi, kama ndio, ulikuwa umekaa gizani miaka sita ukitunza uchungu wake, na uchungu ule ule, ukitolewa na kupewa mwingine, ulimpa nguvu ya kustahimili. Mama Shingo alikuwa na uchungu wa miaka mingi kuliko hiyo. Hakuwahi kufikiria kwamba unaweza kumfaa mtu.

Daktari alipofungua orodha na kulinganisha, alirudia kulinganisha mpaka chai ikapoa. Visahani vya mizizi ya miaka sita vilikuwa na seli za buluu chache zaidi, kwenye hesabu za asubuhi zote tatu. Vya watoto wanene vilikuwa karibu sawa na vile ambavyo havikupewa kitu.

"Haimaanishi kwamba umri ndio kila kitu," alisema, kana kwamba anajionya mwenyewe. "Ni mizizi hii, kwenye maabara hii." Kisha akafunika uso kwa viganja, na mabega yakatikisika kwa kicheko.

*

Kamati ilifika Alhamisi asubuhi. Profesa alikuwa bibi wa karibu miaka themanini, mfupi, mwenye mkongojo na macho yasiyokubali kudanganywa, na nyuma yake wanaume wawili wenye mikoba. Meneja alipanda nao akitabasamu kwa meno yote. Mama Shingo aliambiwa asimame karibu na friji na trei yake, endapo kutakuwa na swali.

Profesa alimkumbatia Daktari, kisha akamgeukia meneja kama mtu anayeonyesha mti alioupanda. "Huyu binti nilimpokea hana mtu duniani. Hana mama, hana baba, hana ndugu wa kumpa hata kikombe cha maji. Na mtazame leo!"

Meneja akatikisa kichwa kwa huruma. Mama Shingo akaishika trei kwa nguvu hadi chuma kikamkata. Alimtazama mdogo wake. Mdogo wake alitazama sakafu.

Basi, alijiambia. Limepita hilo.

Wakatazama karatasi, wakatazama visahani. Maswali yalikuwa mengi na makali, na Daktari aliyajibu yote, hata lile la kwa nini majaribio mawili ya katikati yalishindwa. "Tulipanga umri kwa uzito. Lilikuwa kosa. Umri uko kwenye shingo, na aliyeligundua ni huyu hapa. Ndiye aliyehesabu makovu, na ndiye aliyehesabu seli."

Macho yote yakageukia friji. Profesa akamsogelea kwa mkongojo. "Wewe? Una elimu gani, mama?"

"Darasa la pili, Profesa. Muhula mmoja."

Mmoja wa wanaume akakohoa. Profesa hakukohoa. Alifungua mkoba wake, akatoa kisanduku chembamba cha mbao, na ndani yake, juu ya pamba, kulikuwa na mzizi wa porini, mwembamba, wa kahawia, vijinyuzi vyake virefu kama ndevu. Shingo yake ilikuwa ndefu kuliko mwili.

"Nimepewa zawadi. Wanasema una zaidi ya miaka sitini. Watu husema. Nihesabie."

Mama Shingo akaweka trei chini. Akafuta mikono kwenye aproni, mara mbili, kisha akaupokea kwa viganja viwili. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kushika kitu kama hicho. Hakikuwa na uzito wowote. Akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, na makovu yakapanda mbele yake kama ngazi za mnara, madogo, makongwe, mengine yamefifia kiasi cha kuhisiwa kwa ukucha tu. Kila moja lilikuwa majira mazima ya mvua na baridi. Mzizi huu ulikuwa umeshalala na kuamka kabla mama yake hajamzaa. Sauti ikamtoka bila kutaka, nyembamba. "Kumi na tisa… Ishirini… Hapa palivunjika, pakapona… Ishirini na moja."

Wanaume wenye mikoba walisogea. Hata meneja aliinamisha shingo.

"Thelathini na nane. Thelathini na tisa."

"Ajabu," Profesa alisema taratibu. "Na wewe mwenyewe, mama, una miaka mingapi?"

"Sijui, Profesa." Hakuinua macho. "Cheti sikuandikiwa. Arobaini… Mimi ukitaka umri wangu itabidi uninyanyue shingo. Arobaini na moja."

Wanaume wakacheka. Profesa akacheka.

"Ana hamsini na saba," Daktari alisema.

Kicheko kikakatika kipande kipande. Meneja akageuka. "Umejuaje, Daktari?"

Daktari alikuwa amesimama karibu na hadubini, mikono imening'inia kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Kwa sababu mimi nina arobaini na tisa. Siku niliyozaliwa yeye alikuwa na minane. Alitolewa shule anibebe. Chakula changu cha kwanza alikitafuna yeye. Ile fomu, Profesa, ilikuwa ya uongo. Niliijaza mimi. Nilikuwa naye huyu, muda wote."

Profesa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na katika nyuso hizo mbili zilizowekwa upande kwa upande kwa mara ya kwanza aliona kile ambacho kiwanda kizima hakikukiona kwa miaka mitatu: paji lile lile, kidevu kile kile. Akajikalisha kwenye kiti cha maabara, mkongojo kati ya magoti, kama mtu aliyechoka ghafla.

"Tutazungumza juu ya fomu," alisema mwishowe. "Si leo."

Mama Shingo alikuwa bado ameshika mzizi dirishani. Alikuwa amelisubiri jambo hili kwa muda mrefu mno, na sasa lilipokuja halikumjia kama furaha. Lilikuja zito, limechelewa, na lilimkuta amekasirika. Miaka mitatu kwenye ngazi zilezile! Lakini alipoinamia tena mzizi alikuta kidole gumba kimesimama katikati ya shingo, na hakujua ni kovu la ngapi.

"Nimepoteza hesabu," alisema. Halikuwa limewahi kumtokea.

Daktari akavuka chumba mbele ya kamati, mbele ya meneja mwenye kinywa wazi, akavuta kiti, akamwekea. Akaivuta na taa ya mezani, akaiinamisha ili mwanga uangukie vizuri.

"Kaa," alisema. "Anza tena, dada. Hatuna haraka."

Akakaa. Akapeleka ukucha chini kabisa, kwenye kovu la kwanza kabisa, dogo kama tundu la sindano.

"Moja," alisema.